Uzi maalum: Umemalizana na IRS? Hongera. Jimbo je?

Mzee wa Risiti (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam.

Majuzi dada mmoja tunayesali naye kanipigia saa nne usiku, sauti inamtetemeka. Ana LLC yake ndogo (kampuni inayotenganisha madeni yake na mali ya mwenyewe), anauza magauni ya vitenge na mikoba mtandaoni. Kila Aprili anapeleka ritani IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu, hadaiwi hata senti. Sasa kapata barua kutoka ofisi ya kodi ya jimbo analoishi (silitaji, Waswahili pale tunahesabika, mtamjua): robo mwaka nne mfululizo hajaleta ritani ya kodi ya mauzo, kwa hiyo wamemkadiria wenyewe, wakaweka faini na riba juu yake. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Lakini kaka, mimi nimelipa kodi!"

Kalipa kweli. Kalipa serikali kuu. Jimbo halijaona kitu.

Mimi si wakili wala si CPA (mhasibu mwenye leseni). Nimewatunzia watu hesabu za biashara ndogo hapa Marekani kwa miaka kumi na kitu, na simu ya aina hii ni ya tatu mwaka huu, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nadhani kosa tunatoka nalo nyumbani. Kule tumezoea mdai mmoja mkubwa, TRA ama KRA. Ukimalizana naye umelala usingizi, ukiacha vijitozo vya halmashauri au kaunti. Huku wadai ni wengi. Kuna serikali kuu na IRS yake, halafu kuna majimbo 50, kila moja na bunge lake, sheria zake, ofisi yake ya kodi na tarehe zake. IRS hawapokei hela kwa niaba ya Ohio. Na ile namba ya EIN uliyopewa bure na IRS si kibali cha kuuza popote. Kibali cha kukusanya kodi ya mauzo unakiomba jimboni. Texas na California wanakitoa bila ada, kwa hiyo wanaowatoza watu mamia ya dola "kuwatafutia kibali" wanajilipa wenyewe.

Kwa mwenye biashara ndogo, jimbo linaweza kukujia kwa milango kadhaa: mauzo yako, mapato yako, kampuni yenyewe kwa sababu tu ipo, na watu uliowaajiri. Wenye malori wana mlango wao wa mafuta, hilo namwachia anayelijua.

Nianze na mauzo kwa sababu ndiko watu wanakoumia.

Majimbo 45 yana kodi ya mauzo. Yasiyo nayo ni matano: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, na hata Alaska miji yake inaruhusiwa kutoza ya kwao. Kiwango cha jimbo si mwisho wa habari, miji na kaunti zinaongeza juu. Texas jimbo ni asilimia 6.25, wa chini wanaweza kuongeza hadi 2, ndiyo unaona 8.25 kwenye risiti. California inaanzia 7.25.

Msiichanganye na VAT. VAT ya nyumbani unailipa ukinunua mzigo, unaitoza ukiuza, unawasilisha tofauti. Kodi ya mauzo ya huku inamlenga mlaji wa mwisho peke yake. Mzigo wa kuuza hupaswi kuulipia kodi hiyo, mradi umempa muuzaji wa jumla cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena. Nimekuta mtu kalipa kodi kaunta ya jumla miaka miwili, halafu akawatoza wateja na kuipeleka yote jimboni. Kalipa mara mbili na hakuna aliyemwambia asante. Upande wa pili wapo wanaotumia cheti hicho kununulia televisheni ya sebuleni. Hilo ni kosa, na mkaguzi akija ndilo analoanza nalo.

La mwisho kwa leo. Kodi ya mauzo uliyokusanya si hela yako. Umeshikishwa tu uipeleke. Ukiitumia kulipa pango, jimbo linaweza kukufuata wewe binafsi, na ukuta wa LLC haukusaidii hapo. Mimi wateja wangu nawaambia wafungue akaunti ya pembeni, kila Jumatatu wahamishe. Mmoja kaipa jina "Ya Wenyewe".

Karibuni. Leteni maswali na makovu.

---

Bwana Delaware

Mkuu unatisha watu bure. Mimi nilifungua LLC yangu Delaware kwa mtandao, nusu saa nimemaliza. Delaware haina kodi ya mauzo. Naishi Maryland, nauza popote. Kodi ya jimbo siijui.

---

Mzee wa Risiti

Kaka, huijui, lakini yenyewe inakujua.

Kwanza Delaware yenyewe inakudai dola 300 kila mwaka kwa kila LLC, ifikapo tarehe 1 Juni, uwe umeuza au hujauza. Ukichelewa, faini ni dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kila mwezi. Hiyo umelipa?

Pili, kodi haifuati mahali ulipojaza fomu, inafuata mahali unapofanyia kazi. Wewe unakaa Maryland, kompyuta iko Maryland, mzigo uko chumba cha chini cha nyumba yako Maryland. Basi biashara iko Maryland. Unatakiwa uisajili huko kama kampuni ya nje, upeleke ripoti ya mwaka kufikia tarehe 15 Aprili, na kwa LLC ada yake ni dola 300. Mteja wa Maryland unamtoza asilimia 6. Na faida yako inaingia kwenye ritani yako ya mapato ya Maryland, jimbo pamoja na kaunti.

Kwa hiyo hujakwepa jimbo, umejiongezea la pili.

---

Bwana Delaware

Duh.

Ya Juni sijalipa.

---

Binti Houston

😂😂 Pole kaka. Sisi wa Texas hatuna hayo, hakuna kodi ya mapato huku.

---

Karani wa Zamani

Binti Houston, usicheke sana.

Ni kweli Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Wenzake ni Florida, Nevada, South Dakota, Wyoming, Alaska, Tennessee, Washington, na New Hampshire ambayo ilifuta kodi ya riba na gawio kuanzia 2025. Lakini "hakuna kodi ya mapato" ni sentensi ya mshahara. Biashara ina sentensi yake.

Texas wana kodi ya franchaizi, yaani kodi ya kampuni kwa kufanya biashara jimboni, na LLC imo. Wadogo wengi hawalipi kitu, kwa sababu kwa ripoti za 2024 na 2025 mpaka ulikuwa mapato ya dola milioni 2.47. Ila kutolipa si kutopeleka. Ifikapo tarehe 15 Mei ile ripoti ya taarifa za kampuni lazima iende hata kama hudaiwi. Usipoipeleka, jimbo linaweza kuifutia kampuni haki ya kufanya biashara, na hapo madeni yake yanaanza kukuangalia wewe usoni.

Tennessee nako watu wanakimbilia kwa sababu mshahara haukatwi. LLC ya mtu mmoja kule inatozwa asilimia 6.5 ya faida, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.25 ya thamani ya kampuni, isiyopungua dola 100. Nafuu ni kwamba tangu 2024 dola 50,000 za kwanza za faida hazihesabiwi.

Washington ndiko kwenye maajabu. Wanatoza mauzo ghafi, inaitwa B&O (Business and Occupation). Hakuna kutoa gharama za mzigo, pango wala mshahara. Umeuza dola 90,000 na umetumia 100,000? Hasara yako haiwahusu. Kwa wadogo wapo makato yanayoweza kuifuta.

Na California, ndugu zangu, ni dola 800 kila mwaka kwa LLC kuwepo tu. Mauzo yakifika 250,000 kuna ada nyingine juu yake, inaanzia dola 900. Kuna kijana aliacha biashara bila kuifunga kisheria, akahama jimbo. Baada ya miaka minne alikuwa anadaiwa kampuni ambayo hata jina lake alishalisahau. Ukiacha, ifunge kwa maandishi, na kibali cha mauzo ukifunge pia. Jimbo halijui kwamba umechoka.

---

Binti Houston

Shikamoo mzee. Nimeacha kucheka. Mimi nina kampuni ya usafi wa maofisi, watu wawili na mimi wa tatu. Nilidhani kodi ya mauzo ni ya bidhaa tu, sisi tunauza jasho.

---

Karani wa Zamani

Marahaba binti yangu.

Majimbo mengi huduma hazitozwi isipokuwa zilizotajwa kwenye sheria. Bahati mbaya Texas usafi wa majengo umetajwa, na kukata nyasi pia. Kwa hiyo ankara yako ya ofisi inatakiwa iwe na kodi. California usafi huo huo hautozwi. Saluni nako hivyo hivyo: Texas kusuka nywele hakutozwi, ila rasta na mafuta unayomuuzia mteja aondoke nayo yanatozwa. Ukivuka hadi Iowa, kusuka kwenyewe kunatozwa.

Kwa hiyo usimuulize rafiki wa jimbo jingine. Fungua tovuti ya ofisi ya kodi ya jimbo lako, tafuta jina la kazi yako. Wana maelezo ya kila sekta, tena kwa lugha nyepesi kuliko mnavyodhani.

---

Fundi Cherehani MN

Nitie langu la nguo, maana Mzee wa Risiti kamtaja yule dada.

Minnesota nguo hazitozwi. Nilipoanza nikasema alhamdulillah, nauza nguo, sina habari nao. Kumbe "nguo" kwa sheria si nguo kwa mama. Gauni la kitenge nililolishona, halina kodi. Kitenge chenyewe, kile cha kukata, ni kitambaa cha kushonea, kina kodi. Mkoba wa kitenge kile kile, kina kodi. Vifungo na zipu, kodi. Meza moja, kitambaa kimoja, vitu vitatu, majibu mawili.

New Jersey na Pennsylvania nako nguo za kawaida hazina kodi. New York inategemea bei: kila kipande chini ya dola 110 hakina kodi ya jimbo, kikifika 110 kinayo. Kuna mteja wa Bronx alinibania bei ya gauni kutoka 115 mpaka 109, nikafikiri ni ubahili. Kumbe mwenzangu anaijua sheria.

---

Mama Mtandao

Swali langu na mimi. Niko Ohio, nauza mtandaoni nchi nzima. Ina maana nijisajili majimbo yote 45? Si bora nirudi kuajiriwa.

---

Mzee wa Risiti

Hapana mama, tulia.

Zamani, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1992 ya kesi ya Quill, jimbo lisingeweza kukulazimisha kukusanya kodi kama huna mguu pale: duka, ghala, mfanyakazi. Tarehe 21 Juni 2018 mahakama hiyo hiyo ikaipindua, kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Tangu hapo mauzo peke yake yanatosha kukufunga na jimbo. Wenye kazi yao wanaita neksasi, yaani kamba iliyokufunga na jimbo.

Lakini kamba hiyo ina kipimo. South Dakota waliweka mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Majimbo mengi yakaiga ile 100,000. Texas na California waliweka 500,000. New York ni 500,000 na zaidi ya miamala 100, vyote kwa pamoja. Ile ya miamala 200 inaendelea kufutwa, South Dakota wenyewe waliiondoa 2023. Muuzaji wa vitu vya dola kumi kumi ndiye iliyekuwa inamuua: mauzo ya dola 2,000 jimbo zima na tayari ni mtu wa kupeleka ritani.

Sasa kwako wewe. Ukiuza kupitia masoko makubwa kama Amazon au Etsy, soko lenyewe ndilo linalokusanya na kulipa. Ukiuza kwenye tovuti yako, ni juu yako. Jihadhari na mawili. Baadhi ya majimbo yanahesabu hata mauzo yaliyopitia sokoni kukupima kama umefika mpaka. Na ukiweka mzigo kwenye maghala ya soko hilo, mzigo wako ukahamishiwa, tuseme, Texas bila wewe kuulizwa, tayari una kitu ndani ya jimbo hilo. Hapo kipimo cha dola hakiulizwi.

Kila mwezi mimi nachapa ripoti moja tu: mauzo kwa jimbo. Namba ikianza kukaribia, ndipo unaamka.

---

Dereva 48

Nimeitwa kimafumbo, nimekuja.

Wa malori: ukiwa na semi inayopita majimbo, uzito zaidi ya pauni 26,000 au ekseli tatu na kuendelea, unahitaji IFTA. Ni mkataba wa kodi ya mafuta wa majimbo 48 pamoja na majimbo 10 ya Kanada. Watu wanauelewa kinyume. Wanasema, "Mimi kodi ya dizeli nimelipa pampu." Umelipa, ila IFTA haiangalii uliponunua tu, inaangalia ulipoyachoma.

Mfano wangu. Gari linakwenda maili 6 kwa galoni. Robo mwaka hii nimekanyaga maili 3,000 ndani ya Illinois, basi nimechoma galoni 500 kule. Nimenunua 200 tu kule, nyingine nilijaza Missouri kwa sababu ni rahisi. Illinois wananidai kodi ya galoni 300. Missouri nina ziada, inahesabiwa upande wangu. Unajumlisha majimbo yote, unalipa au unarudishiwa, yote kupitia jimbo lako la nyumbani. Kwa hiyo dizeli rahisi ya mpakani si rahisi kama bango linavyosema. Toa kodi kwenye bei ndipo ulinganishe.

Ritani ni mwisho wa Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Umeegesha gari robo nzima? Unapeleka hivyo hivyo, sifuri. Risiti na maili tunza miaka minne. Mimi nilipoteza za miezi miwili, nilimwaga chai kwenye bahasha, nikakaguliwa mwaka huo huo. Dizeli isiyo na risiti hawakuihesabu kabisa. Chai ghali kuliko zote nilizowahi kunywa.

Halafu kuna yanayokaa nje ya IFTA. Oregon malori mazito yanalipa kwa uzito na maili, si kwa dizeli. Kentucky ina yake kuanzia pauni 60,000. New York na New Mexico nao wana zao. Mdispacha hatakwambia, yeye anataka mzigo ufike.

---

Msafiri Columbus

Dereva 48 umenisaidia kuliko mhasibu wangu niliyemlipa dola 400.

Ya wafanyakazi mbona hamjaigusa? Mimi nina wahudumu wanne wa kuhudumia wazee majumbani. Wote nawalipa kama wakandarasi, fomu 1099, kila mtu ajilipie.

---

Karani wa Zamani

Hilo mwanangu lisogeze mbele ya mengine yote.

Kumwita mtu mkandarasi hakumfanyi kuwa mkandarasi. Kama wewe ndiye unayepanga saa, mgonjwa na namna ya kazi, jimbo litamwona mwajiriwa. California, tangu Januari 2020, sheria yake ya AB5 inamchukulia kila mtu kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vipengele vitatu kwamba siye. Na kesi hizi hazianzi na mkaguzi. Zinaanza siku mhudumu mmoja amekosa kazi, akaenda kuomba mafao ya ukosefu wa ajira. Jimbo linatafuta jina lake kwenye michango yako, halilioni. Siku hiyo wanafungua faili la wote wanne.

Ukiwa na waajiriwa, jimbo linataka michango ya bima hiyo, na kama lina kodi ya mapato, linataka pia makato ya mishahara. Ohio miji nayo inatoza mapato. Columbus ni asilimia 2.5, na mwajiri ndiye anayekata.

Mchango wa jimbo una siri yake. Kodi ya serikali kuu ya ukosefu wa ajira ni asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza za kila mwajiriwa, yaani 420. Ukilipa ya jimbo kwa wakati, wanakupunguzia hadi asilimia 0.6, unalipa 42 kwa kawaida. Anayechelewa jimboni anaweza kujikuta analipa na kule juu.

Na ukimwajiri mtu anayeishi jimbo jingine akafanya kazi akiwa kwake, umefungua mlango jimbo hilo. Mtu mmoja na kompyuta yake sebuleni anatosha.

---

Msafiri Columbus

Nashukuru mzee. Nimenyamaza kwa adabu, natafuta mwanasheria.

---

Kaka Mgahawa

Niweke kovu langu wengine wajifunze.

Nilinunua mgahawa mdogo kutoka kwa mtu wa kwetu kabisa, tunaheshimiana. Nikalipa fedha taslimu, tukaandikiana, tukala pilau. Miezi mitano baadaye jimbo likaniandikia: mwenye mgahawa wa awali hakupeleka kodi ya mauzo mwaka na nusu, na deni limehamia kwa mnunuzi. Nikasema mimi ni mtu mwingine na LLC yangu ni nyingine. Wakanijibu kwa upole kabisa kwamba wanajua, na deni ni langu, mpaka kiasi cha bei niliyonunulia.

Kumbe majimbo mengi yana sheria hiyo. Kabla ya kulipa, unaomba jimboni hati ya kuthibitisha kwamba muuzaji hadaiwi, au unashikilia sehemu ya bei mpaka hati itoke. Karatasi moja. Mimi nilikagua friji, jiko, hata panya. Karatasi sikuijua.

---

Mama Mtandao

Pole sana kaka. Na yule aliyekula pilau?

---

Kaka Mgahawa

Alirudi nyumbani. Ana ghorofa sasa, naliona Instagramu.

---

Mzee wa Risiti

😂 Pole mkuu, samahani kwa kucheka.

Narudi na habari za yule dada, maana wengi mmeniuliza inboksi.

Tulikaa Jumamosi nzima. Kwanza tukajua ile hesabu ya barua si deni halisi, ni makadirio. Jimbo lisipopata ritani linabuni namba, na halibuni ndogo. Dawa yake ni kupeleka ritani za kweli za robo zote nne, ili namba halisi zichukue nafasi ya zile za kubuni. Kumbe zaidi ya nusu ya mauzo yake yalipitia soko la mtandaoni, kodi yake ilishalipwa na soko. Hayo unayaonyesha kwenye ritani na kuyatoa. Yakabaki ya tovuti yake na ya maonyesho mawili aliyoweka meza.

Deni likashuka mpaka karibu robo ya lile la barua. Halafu tukaandika barua ya kuomba faini iondolewe, ukurasa mmoja, bila kulia: ni mara ya kwanza, kilichotokea ni hiki, nimesharekebisha hivi. Riba ni ngumu kusamehewa, ila faini wanasikiliza. Majibu bado.

Angekuwa hajaandikiwa barua ningemwelekeza njia nyingine. Majimbo mengi yana mpango wa kujisalimisha kwa hiari: unakwenda mwenyewe kabla hawajakugundua, wanaangalia miaka mitatu au minne tu nyuma na kusamehe faini. Wenye majimbo mengi wanaweza kupitia Tume ya Kodi ya Majimbo, inaratibu maombi kwa pamoja. Wakishakuandikia mlango huo kwa kawaida unafungwa. Na kama ulikusanya kodi kwa wateja ukakaa nayo, msamaha wa miaka ya nyuma usiutegemee, hiyo wanaitaka yote.

Msidanganyane kwamba deni linazeeka. Ukipeleka ritani, jimbo lina miaka mitatu au minne ya kukukagua. Usipopeleka kabisa, saa haijaanza hata kuhesabu.

Nje ya mada kidogo: mkishasajili kampuni mtaanza kupata barua zenye nembo ya tai, zinadai dola 120 au zaidi za "cheti" au "bango la lazima la sheria za kazi". Soma maandishi madogo chini kabisa, yanasema si ofisi ya serikali. Tupa.

---

Binti Houston

Nimejisajili jana jioni, kibali kimeshakubaliwa. Sasa wazee wangu, mwezi uliopita wateja wawili walisimamisha na wa tatu hajalipa. Sijakusanya hata senti ya kodi. Napeleka nini?

---

Karani wa Zamani

Huyo wa tatu hajalipa au hujamwandikia ankara? Angalia unahesabu kwa fedha iliyoingia au kwa ankara iliyotoka. Kama unahesabu kwa fedha na haijaingia, basi sifuri.

Na sifuri inapelekwa. Texas ritani ni tarehe 20, ya mwezi au ya robo kulingana na walivyokupangia. Ukichelewa ni dola 50 hata kama ndani yake hamna kitu. Ukiwa na cha kulipa, wanaongeza asilimia 5, siku 30 zikipita inakuwa 10. Ukiwahi wanakuachia nusu asilimia ya ulichokusanya, ahsante ya kazi ya ukarani.

---

Binti Houston

Tarehe 20 si ndiyo kesho?

---

Karani wa Zamani

Ndiyo kesho.

---

Binti Houston

Haya nimetoka, nakwenda kupeleka sifuri yangu.